Mpaka Usikie Mashini

Sisi tuliokaa naye ua mmoja kule Cibitoke tulimwita Fundi, na hata leo nikimkumbuka, jina hilo ndilo linalonijia. Jina lake la kweli lilikuwepo, bila shaka, lakini sikuwahi kulihitaji. Alizaliwa wapi na nani, sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kuulizwa. Miaka hiyo Bujumbura, ukimwuliza mtu kwao ni wapi, alikutazama mikono kwanza kuona umeshika nini.

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msitegemee ushujaa katika habari hii. Vita vilinikuta mwoga na vikaniacha mwoga zaidi, na nilimpenda Fundi kwa sababu nilidhani yeye haogopi kitu. Nilichelewa sana kujua kwamba niliishi ukuta kwa ukuta na mtu mwenye hofu kuliko wote mtaani.

Alikuwa mwanamke mshonaji. Mafundi wengine huweka cherehani barazani, wapate mwanga na maneno ya wapita njia. Yeye aliiweka ndani kabisa, mgongo wake ukutani, uso umeelekea mlango, akawa anashona kwa mwanga wa dirisha dogo mpaka macho yakamharibika. Alikula amesimama. Viatu vyake vilikuwa vya kamba, vimefungwa mafundo mawili, na alivivaa hata akipika. Akienda kuswali alivivua kama watu wote, lakini hakuviacha mlangoni. Aliviweka mbele ya mkeka pale anapoweza kuviona. Nilimtania kwamba malaika hawaibi viatu. Alicheka sana, na hakuvisogeza.

Mtu huyo huyo ndiye aliyeshona magauni ya maharusi yenye makelele kuliko yote ya kaskazini mwa mji. Mikono imefura, riboni zinang'aa, nyuma kuna mkia wa kitambaa wa kufagia ua mzima. Alisema bibi harusi aonekane tangu njia ya Kinama. Lakini bintiye Zaituni, mtoto wake wa pekee, alimshonea kahawia tupu na kijivu, miaka nenda rudi. Nilipomwuliza kwa nini anamvisha mtoto kama gunia, akanijibu bila kuinua macho kwamba anamvisha rangi ya ukuta. Nilicheka, nikidhani ni mzaha wake.

Alipenda umbea, na alijua kuigiza mwendo wa kila mwanamume wa mtaa. Hata mume wangu, Baba Asha, fundi wa magari, Fundi alimwigiza vizuri mpaka nikaogopa asije akaingia akajiona. Ila sauti za watu hakuziigiza kamwe. Mwendo, ndiyo, namna ya kujikuna, ndiyo. Ukimwomba aseme kama fulani, alikunja uso na kurudi kwenye kazi.

Na ukimwita kutoka nje hakuitika. Wateja wapya walidhani ni kiziwi. Ungeweza kusimama uani ukapaza sauti mpaka koo likauke, na yeye yuko ndani anakusikia, sindano mkononi, kimya. Ilibidi uingie, usimame penye mwanga, akuone. Mimi jirani yake, niliyechota naye maji bomba moja, nilifanyiwa hivyo hivyo. Siku moja nilikasirika nikamwuliza kama nimemkosea nini.

"Sauti ni ya kila mutu, Mama Asha," akasema. "Mi mutu nataka nimuone."

Nyuma ya chumba chake cha kushonea kulikuwa na depo, kichumba cha kuwekea vitambaa, kidogo hata godoro halienei. Mwaka vita vilipoanza alimleta mchomeleaji akaweka mlango wa chuma, na komeo likawekwa upande wa ndani tu. Mchomeleaji alidhani amesikia vibaya, akauliza mara mbili. Mbele ya mlango huo Fundi alitundika magauni yaliyongoja wenyewe, safu nzima, hata usingejua kuna mlango. Ndani aliweka kidumu cha maji, biskuti na kopo.

Kisha akamfundisha Zaituni. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mchana wowote, bila taarifa, Fundi aligonga mkasi mezani mara tatu, na mtoto aliacha alichoshika, akapita chini ya magauni, akafunga komeo. Kimya. Fundi aliendelea na kazi ya mkono, kupiga pindo au kutoa nyuzi, huku akisikiliza. Baadaye ndipo alipokanyaga cherehani. Ile ta-ta-ta-ta ilipoanza, komeo lilifunguka na mtoto akatoka. Kanuni ilikuwa hiyo tu: usitoke mpaka usikie mashini. Sauti ya mtu isikutoe, hata iwe ya nani.

"Hata yako?" niliwahi kusikia mtoto akiuliza.

"Hata yangu."

Watoto wangu waliupenda mchezo huo, wakawa wanagonga vijiko na kujificha uvunguni. Niliwachapa, maana uliniogopesha, na sikujua kwa nini unaniogopesha.

Sasa nifike kwenye siku ambayo nimeizunguka kwa maneno ya viatu na magauni. Mji ulikuwa unafungwa mara kwa mara siku hizo. Vijana walikaa njia panda, maduka yakafungwa, asiye na bahati akakutwa upande usio wake. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa ameshuka soko kuu kutafuta uzi na bitana, na ufunguo wa nyumba aliniachia mimi kama kawaida. Kabla ya saa nne risasi zikaanza upande wa juu. Watoto wangu, namshukuru Mungu, nilikuwa nimekwisha kuwapeleka Buyenzi kwa dada yangu. Mchana tukasikia kwamba wanaingia nyumba kwa nyumba, na mtaa wote ukaanza kubeba magodoro na kukimbia.

Zaituni tulidhani amekwenda na mama yake. Ilikuwa likizo, na likizo alimchukua mara nyingi. Baba Asha akasema hatuwezi kumwachia Fundi msiba, cherehani ndiyo mkono wake, tukiiacha itaibwa. Basi tukafungua nyumba. Yeye akapiga magoti, akafungua bolti, akatoa kichwa cha cherehani na mkanda wake. Mimi nilisimama kizingitini. Nikaita, kwa sauti ya mtu anayetaka asijibiwe ili aondoke: "Zaituni, uko humu? Ni mi, Mama Asha. Toka twende."

Niliita mara mbili. Magauni yalikuwa yametundikwa pale pale. Hatua tano zilinitosha kufika, nipitishe mkono, niusukume mlango. Sikwenda. Risasi ilipiga bati la jirani na mimi nikatoka mbio. Tukakizungushia kichwa cha cherehani kitenge changu kizuri, tukakipakia kwenye toroli kama mgonjwa, tukaenda Buyenzi. Njiani nilijisifu moyoni kwamba nimekuwa jirani mwema.

Tuliokoa cherehani, mtoto tukamwacha.

Siku ya tatu asubuhi Fundi alisimama mbele yangu nyumbani kwa dada yangu. Alikuwa amekwama mjini, kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja pamoja na watu wengine wengi, mpaka njia ilipofunguliwa. Kamba za viatu zilikuwa zimekatika na amezifunga upya kwa uzi wa kushonea. Hakusalimu. Alisema, "Nipe mashini."

Nikaanza kueleza jinsi tulivyoiokoa. Akasema tena, "Nipe mashini, Mama Asha. Mutoto iko ndani."

Kumbe asubuhi ile hakumchukua, alimfungia ndani, na risasi zikampeleka depo. Fundi alikuwa amefika nyumbani, akakuta mlango wa nje tuliouacha wazi, akapiga goti mbele ya mlango wa chuma, akaita. Akaita kwa majina yote anayomwita mwanawe. Ndani kimya. Akaweka sikio chini kwenye ufa, akasikia pumzi. Mtoto yuko hai, anamsikia mama yake akilia, na hatoki, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa. Mlango wenyewe Fundi alikuwa ameagiza usivunjike, na haukuvunjika.

Tulirudi watatu na toroli lile lile. Baba Asha alikifunga kichwa mahali pake, kwa haraka hata bolti moja ikaanguka tusiione. Akavalisha mkanda. Fundi akakaa, akafuta jasho, akakanyaga. Hapakuwa na uzi wala kitambaa, sindano ilipanda na kushuka bure. Nilihesabu pumzi zangu. Halafu komeo likalia, magauni yakasogea, na Zaituni akatoka amejilowesha, midomo imepasuka, macho makavu. Alinitazama mimi kwanza, kisha mama yake.

"Mama Asha aliniita," akasema. "Sikutoka." Alisema kwa fahari, kama mwanafunzi anayeleta ripoti nzuri. "Na siku ingine mutu aliita na sauti yako. Sikutoka."

Fundi akamkumbatia kichwa. "Umefanya vizuri," akamwambia.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Risasi zilikuwa hofu ya kila mtu, lakini hii ilikuwa ya chumba kile peke yake, nami nilisimama humo na sehemu yangu ndani yake. Nilirudi Buyenzi, na hatukuhamia tena Cibitoke.

Hata hivyo nilimtembelea Fundi Ijumaa moja moja njia ikiwa salama, na kwa hiyo nilimwona Zaituni akikua. Shuleni mwalimu aliita jina lake kwenye orodha na yeye akanyamaza, mpaka mwalimu alipomfuata dawatini. Darasani walimwita bubu. Hakuwa bubu, alikuwa na maneno mazuri, na alicheka kwa kuziba mdomo. Alipofika miaka ishirini alikuwa mrefu, mzuri, na kila kelele ilimtoa mahali alipo. Sufuria ikianguka, yuko depo. Gari likipasua tairi, yuko depo. Mama yake alikwenda kwenye cherehani, akakanyaga, naye akatoka akaendelea kumenya vitunguu. Walikuwa wamezoea hivyo, na mimi nilizoea kuwaona, jambo ambalo leo linanishangaza.

Watu walisema ana jini. Shehe mmoja alikuja na kombe la maji ya aya, Zaituni akanywa kwa adabu yote. Mganga wa hospitali akampa vidonge vya usingizi, akalala navyo ndani ya depo. Shoga mmoja alipomshauri Fundi ampeleke binti kwa mwanamke wa ng'ambo, Kongo, anayetoa majini, Fundi aliweka mkasi chini. Akasema jambo ambalo sikumtarajia kulisema mbele ya watu.

"Si jini. Ni mi."

Akauchukua mkasi akaendelea kukata. Kazi ilikuwa gauni la harusi, la rangi ya waridi, lina riboni kuliko yote niliyoyaona.

Zaituni akaolewa. Mume alikuwa dereva, aliendesha gari la wageni wenye nyumba kubwa kule Kinindo, kijana mpole asiyenyanyua mkono. Alirudi kutoka kazini, akabisha, akaita mkewe, na mlango haukufunguliwa. Alijaribu kupiga honi, kuimba, kumbembeleza. Mara nyingine alilala kwenye gari. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, mambo yalizidi, maana mtoto hulia na Zaituni hakuweza kuvumilia kilio. Alimfunika mdomo kwa kiganja, taratibu, bila hasira, kama anayemfuta maziwa. Dereva alimrudisha kwa mama yake yeye mwenyewe, akiwa amembeba mtoto, machozi yanamtoka.

"Nilioa mutu, Fundi," alisema. "Sikuoa mulango. Nitakuja kila juma kuwaona, lakini naogopa. Siku moja atamushika mutoto sana."

Sote tulikuwa tunaogopa hilo hilo, ila yeye ndiye aliyelitamka.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa Ijumaa, baada ya swala ya mchana. Redio zilisema amani imekaribia, na kweli njia zilikuwa wazi, ingawa vilima vilikuwa bado vinanguruma siku moja moja. Niliingia uani, nikasimama penye mwanga kama ninavyojua. Fundi alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mikono mapajani, hafanyi kazi. Miguu ilikuwa imemvimba, na kwa mara ya kwanza nilimwona peku. Viatu vilikuwa kando, kamba zimelegezwa.

Alinieleza kwa kifupi. Adhuhuri kwenye gereji ya jirani mtungi wa gesi ulikuwa umelipuka. Zaituni alikuwa depo tangu hapo, na mtoto yuko naye.

Nilisogea kwenye magauni nikasikiliza. Hapakuwa na kilio. Mtoto wa miezi saba, saa nzima na zaidi gizani, hata mguno hakutoa.

"Kanyaga mashini," nikamwambia Fundi. "Unangoja nini?"

"Apana."

"Fundi, mutoto iko mule."

"Njo maana." Alikuwa akisema polepole. "Nikikanyaga atatoka, najua. Na ule mudogo atajifunza. Iko na miezi saba, na tayari anajua kunyamaza. Mi nilifundisha mumoja. Sifundishi mwingine."

Nilimwambia atafundisha nini kama mtoto amekufa kwa kukosa pumzi. Nilimwambia nitakanyaga mwenyewe. Nadhani ningefanya hivyo. Nilikwisha kusogea, na yeye akaona. Akainama, akautoa mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, akanitia mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake. "Nishikie. Usinipe hata nikiomba."

Kisha akajikokota mpaka chini ya magauni, akakaa sakafuni, bega lake kwenye mlango wa chuma. Akaanza kuzungumza. Kwa sauti tu, sauti yake mwenyewe, ambayo kwa miaka yote alikuwa amemkataza mwanawe kuiamini.

Alimwambia kwamba alipokuwa mdogo, mdogo kuliko Zaituni wa siku ile, walijificha yeye na mama yake na ndugu zake kwenye shamba la migomba siku mbili. Kulikuwa na jirani, mwanamke aliyempa maziwa kila asubuhi, na sauti yake waliijua kama wanavyojua nyumba yao. Siku ya pili jirani huyo akaita. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Akasema wauaji wameondoka, tokeni. Wakatoka. Yeye Fundi alikuwa amevua viatu kwa sababu vilimbana, akabaki nyuma anavivaa, kamba zikamshinda. Alipoinua kichwa, waliotoka walikuwa wameanguka. Alikaa hapo hapo mpaka siku nyingine, hakulia, na hakumwitikia mtu yeyote tena.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkanda mkononi. Viatu, mlango, magauni, cherehani, yote niliyoyacheka na kuyasimulia Buyenzi kama vituko vya jirani yangu, yalinirudia kwa mpigo. Na nilikumbuka kwamba mimi pia ni jirani, na niliita.

Ndani hapakusikika kitu. Kisha ikaja sauti ya Zaituni, kavu.

"Ule mama wa jirani. Alikuwa mubaya?"

"Apana. Walikuwa wamemushikia mutoto wake. Alikuwa ananipenda."

"Mama. Juu ya nini hukuniambia?"

Fundi aliweka paji la uso kwenye chuma. "Nilifikiri nikikuambia utaogopa."

Sikujizuia. Nililia, mimi mwoga, nimebana mkanda ule kifuani. Fundi hakulia. Alikuwa anasikiliza kama alivyosikiliza maisha yake yote, kichwa kimeinama upande mmoja.

Komeo likasogea. Mlango ulifunguka kiasi cha mkono tu, na kutoka gizani ikatoka mikono miwili iliyomshika mtoto kwapani. Alikuwa hai, macho wazi, shavuni ana alama ya vidole. Fundi akampokea.

"Muchukue yeye," Zaituni akasema. "Mi bado."

Mlango ukarudi, lakini sikusikia komeo. Mtoto alitazama mwanga, akanitazama mimi, akakunja uso, na akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, na majirani wakachungulia uani kuona kuna nini. Mkono wa Fundi ulipanda mpaka karibu na mdomo wa mtoto, ukasimama hapo, kisha akaushusha gotini. Tulimwacha alie.